Mjadala: Je, futiboli ya Kimarekani ihame ligi peke yake na kuiacha michezo mingine nyumbani?

Mtoa hoja: Waungwana, naomba tujadili suala la vyuo vikuu vya Marekani kuhama ligi. Tarehe 4 Agosti 2023, kwa siku moja tu, vyuo vitano vilitangaza kuikimbia Pac-12, ligi ya magharibi yenye mizizi ya mwaka 1915: Oregon na Washington vikaenda Big Ten, huku Arizona, Arizona State na Utah vikaenda Big 12. USC, UCLA na Colorado vilikwisha kuaga. Stanford na California (chuo cha Berkeley) vikaishia ACC, ligi inayobeba jina la pwani ya Atlantiki, ilhali vyenyewe viko upande wa Pasifiki.

Kilichowahamisha ni fedha za haki za matangazo ya futiboli ya Kimarekani, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba mchezo mmoja umeiburuta michezo yote. Timu ya futiboli hucheza mara moja kwa wiki, kwa kawaida Jumamosi, lakini msichana wa voliboli wa UCLA anaweza kutakiwa kucheza New Jersey dhidi ya Rutgers, mwenzao mpya wa Big Ten, karibu kilomita 4,000 kutoka chuoni kwake, mahali ambapo saa moja jioni ni saa kumi alasiri kwao Los Angeles, kisha arudi darasani. Napendekeza futiboli iwe na ligi zake, na michezo mingine ibaki kwa majirani.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mtoa hoja, huruma yako naielewa, ila hesabu umeziruka. UCLA ilipoamua kuhama mwaka 2022, idara yake ya michezo ilikuwa na nakisi ya zaidi ya dola milioni 100. Bila fedha za futiboli, huyo msichana wa voliboli huenda asingekuwa na timu ya kuchezea. Tena Big Ten ina chaneli yake ya televisheni, na chaneli haijazwi na mechi za Jumamosi peke yake. Voliboli na mieleka ndivyo vinavyojaza siku za katikati ya wiki. Ukiviondoa, utakuwa umepunguza bidhaa wanayoiuza.

Mchangiaji wa pili: Mimi nitawakumbusha Henry Rono wa Kenya, aliyekuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Ya mita 5,000 aliivunja Berkeley, nyumbani kwa California, na ya kuruka viunzi na maji aliivunja Seattle, nyumbani kwa Washington. Leo wenyeji wake hao wawili wako ligi mbili tofauti, na Washington State ilibaki pamoja na Oregon State tu katika nyumba tupu ya Pac-12. Nakiri riadha haiumii sana, kwa kuwa mashindano yake mengi ni ya mwaliko.

Mtoa hoja: Nashukuru. Hoja ya chaneli ina uzito, lakini anayesema utengano hauwezekani aitazame Notre Dame, ambayo futiboli yake haina ligi huku michezo yake mingi ikiwa ACC. Hata hao wawili walioachwa waliipeleka michezo yao mingi West Coast Conference kuanzia mwaka 2024, na mechi zikaendelea.

Nauliza mapema kwa sababu wimbi jingine linanukia. Florida State na Clemson, vyuo vya kusini-mashariki vilivyomo ACC, viliishtaki ligi hiyo, wakapatana Machi 2025, na katika mapatano hayo ada ya kujitoa itashuka hadi dola milioni 75 ifikapo msimu wa 2030-31, karibu na wakati mkataba wa matangazo wa Big Ten utakapokuwa umekwisha. Anayeunga mkono uhamaji wa jumla atueleze: Clemson ikienda Big Ten, softiboli yake itafuata nini Oregon?