Mrejesho: Simba na ile sosi ya mishkaki

Mlioulizia hali ya Simba, mzima. Juzi niliuliza kama sosi ya soya humdhuru mbwa, maana alikuwa amelamba bakuli nililorowekea mishkaki hapa Bamburi. Nilimkuta masharubu meusi ti, hana hata haya. Usiku alitapika mara mbili na kumaliza karai zima la maji. Daktari wa mifugo akasema kiu hiyo ni chumvi, na ikizidi sana mbwa hutetemeka, hata kupatwa na degedege. Kilichomtia wasiwasi zaidi ni kitunguu na thomu nilivyosaga humo: huharibu chembe nyekundu za damu, na dalili huweza kuchelewa siku kadhaa. Basi kila asubuhi namfunua mdomo nitazame ufizi. Mpaka leo haujapauka. Bakuli la mishkaki sasa nalifungia jikoni.