Homa imeondoka kikohozi kimebaki, na mavyaa na chetezo chake

mama_watatu_Fuoni

Asalaam alaykum jamani, naomba ushauri na msinicheke. Kipupwe cha mwaka huu kimetukamata vibaya, kaanza mkubwa kaja nayo kutoka skuli, akampa mdogo wake, akafata baba yao, mwisho mie, na kitoto changu cha miezi saba nacho kikapata mafua. Homa ilishaondoka zamani, tunakula, watoto wanakwenda skuli na chuoni kama kawaida. Tatizo kikohozi. Mchana afadhali, ila ukishalaza kichwa tu ndo kinaanza, kile kikavu cha kukuna kooni, mie nikinyamaza anaanza mume wangu, akinyamaza yeye anaamka yule wa pili analia, yaani usiku tunapokezana. Na nguvu bado hazijarudi, nikifua ndoo moja tu nakaa kitako nahema.

Sasa mavyaa wangu, mamake mume wangu, kaja kutoka Pemba kunisaidia, na wallahi kanisaidia, asubuhi uji wa pilipili manga ushaiva, watoto washakogeshwa, mie nalazimishwa nilale. Lakini ikifika magharibi anafunga madirisha yote kwa ajili ya upepo wa kusi, anawasha chetezo, anatia ubani na udi, anapita nacho chumba kwa chumba mpaka ndani ya chandarua cha mtoto. Anasema anatoa maradhi ndani ya nyumba. Halafu na dawa ya mbu ya kuchoma inawekwa pale mlangoni. Mie naona kabisa moshi ukishajaa ndo kifua kinabana. Juzi kitoto kimekohoa mpaka kikatapika maziwa yote kwenye kanga yangu, yeye anasema mwache atoe, hicho ndo kinatoka.

Kwanza nataka kujua, kikohozi hichi cha kawaida au tukapime? La pili ndo kubwa, namwambiaje mama wa watu aache ubani asione kama namfukuza? Mume nilimwomba aseme naye, kaniambia hayo mambo ya wanawake, akageukia ukutani akaendelea kukohoa.

mzee_wa_kahawa

Hahaa pole sana dada, mume kageukia ukutani 😂 ndo zetu hizo. Chemsha tangawizi na mdalasini, kamua ndimu, tia asali, kunyweni kabla ya kulala. Na huyo mkubwa mkague akitoka skuli, najua anapitia embe mbichi za pilipili na juisi ya barafu halafu usiku nyinyi ndo hamlali. Isipochukua nenda duka la dawa wakupe amoksilini, vile vidonge vya rangi mbili, mie huwa vinanikata mara moja.

nesi_mstaafu

Wa alaykum salaam. Mwanangu, kikohozi kinachobaki nyuma ya mafua ni jambo la kawaida sana, njia za hewa zinakuwa bado zimechubuka, kitu kidogo tu kinaziamsha, baridi, vumbi, kicheko, na hasa MOSHI. Kinaweza kwenda wiki tatu mpaka nane kikaisha chenyewe. Kwa hiyo hujakosea, ubani, udi, dawa ya mbu, jiko la makaa ndani, vyote hivyo vinakirudisha nyuma, na aliye hatarini zaidi hapo ni huyo mchanga. Chandarua mnacho, basi hiyo dawa ya kuchoma ya nini tena?

Mzee wa kahawa hayo ya amoksilini yaache. Mafua ni virusi na amoksilini haiui virusi, hivyo vinavyokukata mara moja ni mafua yenyewe yalikuwa yashafika mwisho. Tutameza ovyo mpaka siku tuna nimonia kweli dawa ikatae.

Tangawizi na asali kwa nyinyi wakubwa na hao wawili ni sawa. Kitoto cha miezi saba ASIPEWE asali hata ya kulamba, mpaka atimize mwaka, asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi. Na kama bibi yake kaja na mafuta ya karafuu (Mpemba hasafiri bila hayo, najua) asimpake puani wala asimlambishe, makali mno kwa mtoto. Yeye dawa yake ziwa, mnyonyeshe mara nyingi. Na msimfukize kwa sufuria ya maji ya moto, nimeona watoto wengi wameungua hivyo.

Mhesabie pumzi akiwa katulia au kalala, dakika nzima. Kwa umri wake zikifika 50 au zaidi, au ukiona kifua kinaingia ndani akivuta pumzi, au hataki ziwa, au kalegea, usingoje asubuhi, mpeleke kituoni.

Nyinyi wakubwa, kikohozi kikipita wiki mbili utaratibu wetu ni kupima makohozi kwa ajili ya TB, na kipimo hakina malipo. Si lazima iwe ndiyo, lakini humo ndani mna mchanga, na ukiona mtu anakonda, anatoka jasho usiku au makohozi yana damu ndo usilale kabisa.

Mpemba_Wete

Mie nitasema upande wa mama. Huyo kapanda boti kaja kulea wajukuu, ubani kwake ni dua, si moshi. Ukimwambia "mama unatuumiza" atafunga mkoba wake kimya kimya, na Wete yote tutajua kabla boti haijafunga gati. Usimwambie aache, mpe kazi ya chetezo. Mwambie mama naomba unifukizie kanga na nguo za watoto, zina harufu ya ugonjwa. Nguo zinafukizwa uani kwenye tenga, alasiri, moshi unakwenda zake kwa majirani, harufu ndo inaingia ndani. Mamangu mie tulimtoa ukumbini hivyo hivyo mpaka leo hajui.

La pili, siku ya kliniki mwende naye, ambebe yeye mtoto, aulize yeye. Likitoka kwa daktari si lako tena.

mkwe_wa_Coventry

Huyu wa Wete kasoma chuo gani jamani 😂 Mie niko Uingereza, huku winta madirisha hayafunguliwi, hita imekausha hewa, mtu anakohoa kuanzia Disemba, na mavyaa wangu kaja na ubani wake kwenye begi. Kawasha, kengele ya moshi ikalia flati nzima. Mie sikuhitaji kusema neno.

mama_watatu_Fuoni

Jamani nimerudi, ahsanteni. Nimemwomba ya nguo, kafurahi mpaka kaagiza tenga jipya Darajani. Sasa alasiri anakaa uani na kanga zangu, kanzu za mume, mpaka mashuka, jirani naye kaleta za kwake. Madirisha ya upande usiopigwa na upepo nimeyaacha wazi, nimemwambia joto. Kliniki tulikwenda, nesi kamhesabia kitoto pumzi yuko sawa alhamdulillah, na mavyaa kauliza mwenyewe, "na ubani je?" Kujibiwa haufai karibu na mtoto kaniangalia mie kisha akasema kwa sauti, "nami nilishawaambia hawa." Nimenyamaza kimya.

Mie usiku afadhali, nakohoa mara moja moja. Aliyebaki ni mume, kwake kama ndo kimeanza leo, na kupima hataki, anasema yeye hana TB. Mamake kamwambia jana mbele ya wanawe kuwa Jumatatu wanakwenda pamoja, atamshika mkono kama alivyokuwa akimpeleka chuoni. Hajajibu. Nesi, aende na kitu gani?

nesi_mstaafu

Asibebe kitu, kikopo atapewa hapo hapo. Asukutue kwa maji matupu kwanza, halafu avute pumzi ndefu akohoe kutoka kifuani, wengi wanatema mate wanarudishwa. Na akatolee nje penye hewa, si chooni.

mzee_wa_kahawa

Na mie nikapime? Changu tangu mwezi wa Ramadhani.

nesi_mstaafu

Jumatatu. Fatana nao.