2147483647 au 1000000007: ipi bora kusakia majina yaliyojirudia?

Fundi_Kodi: Wakuu, nina orodha ya majina laki moja, nasaka yaliyojirudia. Kila jina nalifanya namba kubwa, nagawanya kwa namba tasa, natunza baki tu. 1000000007 naiona kila kona, ila jamaa mmoja kaniambia nitumie 2147483647. Zote si tasa? Kuna tofauti gani?

mwl_hesabu: Tasa zote. Hiyo ya kwanza inapendwa kwa kuwa haisahauliki: ndiyo tasa ndogo kuliko zote zenye tarakimu 10. Ya pili ina nasaba. Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Ndani ya kompyuta inaandikwa moja tupu 31 mfululizo, bila sifuri. Kwa hiyo baki yake unaipata bila kugawanya kwa namba yenyewe: kompyuta inakata tu tarakimu vipande viwili, kisha inavijumlisha. Jaribu kwa mdogo wake, 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5 (32), toa 1. Kwenye 500, 32 inaingia mara 15, zinabaki 20. 15 na 20 ni 35, toa 31, unabaki na 4. Piga kikokotoo uone.

Kijana_Tanga: Kumbe! Basi kipeo kikiwa tasa, ukitoa 1 unapata tasa?

mwl_hesabu: Wengi wameingia mtego huo. Kipeo cha 11 kinakupa 2047, nayo ni 23 × 89. Hii ya kipeo cha 31 aliithibitisha mwanahisabati Euler mwaka 1772, kwa mkono. Hakujaribu kila namba: alijua kigawanyo chake tasa lazima kiache baki ya 1 au 63 ukikigawa kwa 248, na hakuna haja ya kuvuka kipeuo chake cha pili, yaani 46340 na ushei. Majaribio hayafiki mia nne. Mimi ningechoka kwenye la ishirini.

Shem_wa_Data: Mwalimu, nasaba nzuri, lakini mwenye orodha ana shida yake. Majina laki moja ni karibu jozi bilioni 5. Kwa 1000000007 tegemea migongano kama 5 ya majina tofauti yenye baki moja, kwa 2147483647 kama 2. Zote hazikufai. Panda hadi 2 kwa kipeo cha 61, toa 1. Ni tasa, mwanahisabati Pervushin alishathibitisha mwaka 1883, na hila ya kujumlisha ni ileile. Ila ukizidisha utahitaji nafasi ya biti 128, yaani tarakimu 128 za 0 na 1.

Fundi_Kodi: Nimejaribu zote tatu sasa hivi. 1000000007 imenipa migongano minne, majina hayafanani hata kidogo. 2147483647 mmoja. Ya 61 hakuna.

Kijana_Tanga: Hiyo 2147483647 si ndiyo ya balaa la 2038?

Shem_wa_Data: Ndiyo hiyo. Ni ukomo wa biti 32 zenye alama ya kutoa. Mifumo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti hizo itaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata itajiona iko mwaka 1901.