Posho na usafiri kwa watumishi baada ya mporomoko wa udongo: nani analipwa nini?

Karani_Elgon

Habari zenu wakubwa. Niko ofisi ya utumishi katika mojawapo ya wilaya za Mlima Elgon, Uganda. Mvua imebeba daraja na udongo umefukia nyumba kadhaa za watumishi. Mezani nina madai ya namna tatu. Kuna wauguzi watatu walioagizwa kwa simu wakahudumie waathirika kwenye kambi iliyo katika shule ya gombolola nyingine (ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya). Kuna walimu wawili waliopoteza nyumba, sasa wamepanga mjini na wanapanda boda kwenda shule ile ile waliyokuwa wakifundisha. Halafu kuna dereva na afisa kilimo wanaozunguka njia ndefu kufika vijijini. Wote wameandika "posho ya kulala". Mhasibu amerudisha kila karatasi bila maelezo. Tuko Mei, na Juni si mbali. Nianze na nani?

Vocha_Safi

Anza na wauguzi. Hao ndio wenye haki iliyo wazi na karatasi iliyo mbovu kuliko zote.

Posho ya kulala ni ya mtumishi anayelala nje ya kituo chake cha kazi kwa shughuli ya serikali. Wauguzi wako wametimiza hilo, lakini simu si waraka. Vocha inahitaji barua ya maagizo kutoka kwa CAO (afisa mtendaji mkuu wa wilaya), au kutoka kwa mganga mkuu wa wilaya kwa niaba yake, inayotaja jina na ngazi ya mshahara ya kila mmoja, kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Ngazi isiachwe, kwa sababu viwango vinafuata ngazi za mshahara, U1 hadi U8, kwa mujibu wa waraka wa Wizara ya Utumishi wa Umma. Usichukue kiwango ulichokariri, tafuta waraka unaotumika sasa na uubandike nyuma ya dai.

Kama tayari wako kambini, barua iandikwe leo kwa tarehe ya leo, ikithibitisha kwamba maagizo yalitolewa kwa mdomo siku fulani kwa sababu ya dharura. Msiirudishe tarehe nyuma. Rejesta ya barua zinazotoka ina namba zinazofuatana, na mkaguzi huanzia hapo hapo.

Mhesabu usiku, msihesabu siku. Anayeondoka Jumatatu akarudi Ijumaa amelala mara 4. Dai la usiku 5 hurudishwa zima, halipunguzwi, ndiyo maana mnaona mhasibu ni mkali.

Na muulize nani anawalisha na kuwalaza. Ikiwa shirika la misaada linawapa chakula na hema, au linawalipa posho, wilaya haiwezi kulipa usiku ule ule kwa kiwango kamili. Mambo ya namna hii hugundulika karatasi ya mahudhurio ya shirika inapowekwa kando ya vocha ya wilaya.

Mama_Utumishi

Kuhusu walimu jibu ni gumu kulisema lakini ni fupi: hakuna posho ya kulala. Kituo chao cha kazi hakijabadilika, makazi ndiyo yamebadilika. Nauli ya nyumbani hadi kazini ni ya mtumishi mwenyewe, hata daraja likivunjika na boda akadai mara tatu.

Hata hivyo usiwafukuze mikono mitupu. Kwanza, wao ni wananchi walioathirika kama jirani zao, na mshahara wa serikali hauwaondoi kwenye orodha ya msaada. Waandikishwe kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kijiji kilichoporomoka, si wa mjini wanakopanga sasa. Hapo ndipo majina mengi yanapopotea: mtu amehama usiku, orodha imeandikwa asubuhi, hayupo. Kutoka LC1 orodha inakwenda gombolola, kisha kamati ya maafa ya wilaya, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu, idara ya maafa. Huko kunatoka unga, maharage, blanketi na maturubai. Fedha za mshahara na posho hazipiti njia hiyo, msizichanganye.

Pili, uliza nyumba zilikuwa za nani. Kama ni nyumba za shule, mwalimu mkuu aandike taarifa kwa afisa elimu ikiwa na picha, ili mali iliyopotea iondolewe kwenye daftari la mali kwa utaratibu.

Tatu, uhamisho. CAO anaweza kumpeleka mwalimu wa msingi shule nyingine ndani ya wilaya. Hapa maneno ya barua ni pesa. Ikisema amehamishwa kwa mahitaji ya kazi kwa sababu eneo si salama, anaweza kudai posho ya uhamisho na kusafirishiwa mizigo. Ikisema "kwa ombi lako la tarehe fulani", amejifungia mlango mwenyewe. Kwa hiyo asikimbilie kuandika ombi. Mwalimu mkuu aripoti hatari, na wilaya iamue.

Karani_Elgon

Asante sana mama. Mmoja wao amesikia kwamba eneo la maafa linampa posho ya asilimia 30 ya maeneo magumu kufikika. Ni kweli?

Mama_Utumishi

Hapana. Ile 30% ya mshahara wa msingi ni kwa maeneo yaliyo kwenye orodha ya serikali, kama Kotido na Kaabong. Barabara kukatika hakuliingizi eneo kwenye orodha.

Logibuku

Nizungumzie dereva na afisa kilimo. Wakirudi nyumbani jioni, posho ya kulala haipo. Wadai posho ya safari ya mchana, SDA, kwa siku walizotoka kituoni kikazi.

Wanachokihitaji zaidi ni mafuta. Tuseme njia ya kawaida ni kilomita 60 na ya kuzunguka ni 110. Kwenda na kurudi ni 120 dhidi ya 220, nyongeza ya kilomita 100. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita linahitaji lita 12.5 zaidi kila safari. Mhasibu atakubali mkiambatisha mambo mawili: uthibitisho wa maandishi wa mhandisi wa wilaya kwamba njia imefungwa tangu lini, na kitabu cha safari cha gari chenye namba za mita kabla na baada. Kwa barabara kuu tumieni tangazo la Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, maana UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, haipo tena. Daraja la Katonga kwenye barabara ya Kampala–Masaka lilipokatika Mei 2023, magari ya Masaka yalizungukia Mpigi na Sembabule. Aliyejaza "Kampala–Masaka" bila kuandika njia aliyopita alijitafutia swali la mkaguzi.

Mafuta yanakaa kifungu cha bajeti 227004, safari za ndani 227001. Msilipe moja kutoka kwa jingine bila kibali cha kuhamisha fedha, hata kama kimoja kimekauka. Dharura haifuti hoja ya matumizi nje ya kifungu. Risiti ya kituo cha mafuta iwe ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato.

Vocha_Safi

Nyongeza kuhusu Juni. Mwaka unafungwa tarehe 30, na salio linarudi Mfuko Mkuu wa Hazina. Dai lisiloingia kwenye mfumo wa malipo mapema mwezi huo litageuka deni la mwaka ujao, na madeni hulipwa polepole. Peleka ya wauguzi wiki hii, usiyasubirishe kwa ajili ya walimu. Kabla ya kuyapeleka linganisha jina, namba ya kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki. Herufi moja ikikosewa malipo yanarudi, na Juni hakuna nafasi ya kuyarudia.

Msiwakate watumishi PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) kwenye posho ya safari ya kazi isiyozidi gharama za safari yenyewe. Ila "posho ya usafiri" inayolipwa kila mwezi pamoja na mshahara, safari iwepo au isiwepo, hiyo inakatwa.

Wauguzi wakirudi, kila mmoja alete ripoti ya kazi: siku, idadi ya waliohudumiwa, sahihi ya msimamizi wa kambi. Asiyeileta, malipo yanabaki kwenye jina lake kama deni, na safari inayofuata hapewi.