Kaka yangu amefungwa mnyororo stoo, nianzie wapi?

BintiKisauni:
Asalaam aleikum. Naandika usiku, mama kashalala. Kaka yangu ana miaka 31, ni fundi wa mashine za boti. Tangu mwaka jana anasikia sauti, halali, anagombana na ukuta. Mwezi wa Ramadhani alivunja dirisha la jirani kwa mchi. Ami akaja na mnyororo na kufuli, akamfunga mguu kwenye nondo za dirisha la stoo. Ufunguo anakaa nao yeye, na yeye anaishi Likoni. Stoo ikishika moto usiku, ufunguo uko ng'ambo ya feri!

Kifundo cha mguu kimechubuka. Kila jioni namwekea kipande cha leso baina ya chuma na ngozi. Jana kaniuliza, "Mimi nimeiba nini?" Sikuwa na jibu.

Ami ndiye anayetulipia kodi, na sitaki kumvunjia heshima. Sheria inasemaje?

MuuguziPwani:
Pole sana dada. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 29, inakataza mtu yeyote kutendewa ukatili au kudhalilishwa, na haikuwatoa wagonjwa wa akili. Sheria ya Afya ya Akili nayo ilirekebishwa 2022, na inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu yake na kuridhia. Kwa hiyo muulize yeye mwenyewe, hasa asubuhi akiwa ametulia. Hospitali ya Port Reitz, kule Changamwe, Mombasa, wana kitengo cha afya ya akili.

Kidonda hicho kisingoje. Kioshe kwa maji safi na sabuni, na akifika hospitali aulizwe kuhusu sindano ya pepopunda.

BabaWatatu_Majengo:
Binti yangu, mimi nilimfunga mwanangu kwa kamba miezi miwili. Nilikuwa naogopa atagongwa na matatu, na watu walishaniambia ni majini. Leo anatumia dawa na anauza maji ya madafu, lakini nikishika kamba mbele yake hutoka chumbani. Hilo sijui nitalifuta vipi. Ami yako naye huenda anaogopa kama nilivyoogopa mimi. Usimwendee na maneno ya polisi kwanza. Nenda na mtu anayemsikiliza, imamu wake au rafiki yake wa barazani, umwonyeshe ule mguu. Akikataa kabisa, hapo nenda kwa chifu, wala usione haya.

BintiKisauni:
Ahsanteni. Alfajiri nilimuuliza kaka kama atakubali kwenda hospitali. Alinyamaza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema ataenda, ila aoge kwanza, avae kanzu yake nyeupe, na asipelekwe kwa kubebwa. Imamu wa msikiti anaosali Ami amekubali kuandamana nami baada ya Alasiri. Kanzu nimeshaipiga pasi.