Tupeane uzoefu: Waukraine mnaowajua, vita imewabadilishaje lugha?

Wakuu, mi nilisoma Kharkiv, nikatoka Machi 2022 na treni ya kwenda Lviv. Mwaka wa kwanza tulifundishwa Kirusi maana kule mashariki ndo kilikuwa lugha ya mtaani, sokoni, kwenye metro, hadi wodini kwa wagonjwa. Mama mwenye nyumba wangu kaongea Kirusi tangu azaliwe, leo ananitumia meseji kwa Kiukraine, anaandika anakosea anafuta anaandika tena, nikimjibu "spasibo", asante ya Kirusi, kwa mazoea ananirekebisha, sema "diakuiu", asante ya Kiukraine. Anasema hataki tena kuwaza kwa lugha ya wanaompiga makombora. Inaniuma sana kwa kweli. Mlioishi nao, mlioko Poland, Ujerumani, semeni na nyie.

——

Mi niko Poland, nafanya kazi na dada mmoja katokea Mariupol, kwao Kirusi tupu. Siku za mwanzo za vita ilienea kwamba kwenye vizuizi vya barabarani wanajeshi wa Ukraine wanakutamkisha "palianytsia", ni mkate wa duara, Mrusi neno hilo linamgomea. Basi yeye Muukraine kabisa njia nzima kwenye gari anajifanyia mazoezi ya hilo neno na watoto nyuma, anaogopa asije akaonekana adui kwao.

——

Tusisahau na wengine jamani. Rafiki yangu wa Odesa bado anaongea Kirusi nyumbani, kaka yake yuko jeshini anapigania Ukraine na huko mstari wa mbele wenzie wengi wanaongea Kirusi hichohicho. Akiambiwa we sio Muukraine kamili anaumia mno, anasema Kirusi ni cha mama yangu, sio cha Putin. Mi namuelewa, hata Zelensky mwenyewe kakulia Kirusi, Kryvyi Rih huko.

——

Huyo wa Odesa simlaumu hata kidogo, ila wanaobadilisha nao wana sababu ya zamani kuliko vita hii. 1876 Tsar, mfalme wa Urusi, alisaini amri akiwa Ems, Ujerumani, Kiukraine kisichapwe vitabuni wala kuchezwa jukwaani. Mwalimu wetu kule Sumy, mji wa Ukraine, alitusimulia bibi yake wa kijijini alikuwa anaongea surzhyk, ule mchanganyiko wa Kiukraine na Kirusi, akija mjini ananyamaza kwenye basi safari nzima asichekwe. Sasa hivi mwalimu anaongea vilevile alivyokuwa anaongea bibi, humohumo kwenye basi, na kwa sauti.