Nani aliituma simu yangu iwakatae wateja kimyakimya?

Jameni, leo nafungua uzi nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Mimi nakodisha tenti, viti na masufuria makubwa hapa Kisumu. Sina duka wala bango barabarani. Duka langu ni simu. Mtu akifiwa anaulizia kwa jirani, anapewa nambari, anapiga. Kwa hiyo karibu kila anayenitafuta ni mtu ambaye sijamsevu na sijawahi kumwona. Na ratiba zetu huku mnazijua: mwili unatoka mochari Alhamisi au Ijumaa, mazishi ni Jumamosi. Kamati zinatafuta tenti kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Simu ikinyamaza siku hizo, wikendi yote imeenda, na vijana wa kubeba viti wanakaa nyumbani.

Basi majuzi nakutana pale Kibuye na mweka hazina wa kamati moja ya upande wa Ugunja. Mtu tuliyefanya naye kazi vizuri mwaka jana. Ananisalimia kwa mkono wa baridi, kisha anaanza: "Siku hizi umekuwa mkubwa, omera. Nakupigia unanikatia. Tukachukua tenti za mtu wa Luanda, na hata si nzuri."

Nikamwambia, ndugu yangu, hebu nipigie sasa hivi. Simu yangu nimeishika mkononi, chaji imejaa, mtandao umejaa. Akapiga. Kwake ukasikika mlio mmoja, kisha tuu-tuu-tuu. Kwangu? Kioo hakikuwaka hata kidogo. Nikafungua orodha ya simu zilizoingia: hakuna jina lake, hakuna alama nyekundu, hakuna chochote. Angeniita mwongo mbele ya wauza nguo wote pale na ningekosa pa kujitetea.

Sasa hapo ndipo mambo yaliponipanda kichwani. Nikafungua sehemu ya kupigia simu, nukta tatu, mipangilio, nambari zilizozuiwa. Orodha tupu! Sijabloki mtu yeyote, na simu yenyewe inakubali sijabloki mtu. Nikatoa laini nikaitia kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya mama mmoja muuza mitumba, Mungu ambariki. Mweka hazina akapiga tena, ikaita kama kawaida. Kwa hiyo si laini, si mtandao, si deni la mtu. Ni ile simu janja yenyewe.

Nimeenda kwenye duka nililonunua (silitaji, lakini wenyewe wakisoma watajijua). Kijana akachukua simu, akapekua kidogo, akanionyesha programu ya kutambua wapigaji ambayo walinisakinishia siku ya kwanza pamoja na vikorokoro vingine. Ndani yake kuna orodha nyingine kabisa ya simu zilizozuiwa, haihusiani na ile ya simu. Imejaa nambari, na mweka hazina wangu yumo, ameandikwa kwa rangi nyekundu: MSUMBUFU. Kitufe cha kuzuia wasumbufu chenyewe kwa chenyewe kimewashwa. Kitufe cha kuniarifu simu ikizuiwa kimezimwa. Namuuliza kijana nani aliweka hivyo. "Hiyo huja nayo, bosi." Akarudi kwenye chipsi zake.

Mtajiuliza mzee wa watu amekuwaje msumbufu. Hizi programu zinategemea ripoti za watumiaji: watu wengi wakiibonyeza nambari kwamba inasumbua, inapakwa rangi kwa kila mtu mwenye programu hiyo. Na mweka hazina wa kamati ya mazishi hufanya kazi gani? Anapigia ukoo mzima, wafanyakazi wenza wa marehemu, watu wa kanisa, watu wa kundi la WhatsApp, anakumbusha michango. "Uliahidi elfu mbili, umetuma mia tano." Wenye ahadi hewa wakachoka naye wakamripoti. Hivyo mtu anayekwepa mchango huko Nairobi amenipokonya kazi ya tenti huku Ugunja, na hatujuani!

Halafu cha kunichoma zaidi: wale wanaostahili kuzuiwa wanapita bila shida. Wadai wa mikopo ya simu hawajawahi kukwama hata mara moja, kwa sababu kila siku wana nambari mpya ambayo hakuna aliyeiripoti bado. Jana asubuhi nimepigiwa na binti mkali kuhusu deni la mtu niliyewahi kumkodishia viti, eti jina langu lilikuwa kwenye simu yake. Dada yangu, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa namna hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019. Nimemwambia nitaandika malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, akakata. Huyo ndiye simu yangu inamfungulia mlango, na mteja aliye na pesa ya tenti mkononi anafukuzwa. Ni mlinzi wa geti anayewafukuza wageni wa boma na usiku hamwambii mwenye boma ni nani waliokuja.

Sipingi kubloki. Bloki utakavyo. Ninachotaka ni kitu kimoja tu: simu ikimkataa mtu kwa niaba yangu, iniandikie. Nambari hii ilipiga saa fulani, nimeikataa kwa sababu hii. Mstari mmoja! Simu inanijulisha betri ikipungua, inanijulisha hali ya hewa ya miji nisiyoijua, inanitakia heri ya siku ya kuzaliwa ya watu nisiowapenda. Kuhusu mteja, kimya.

Kwa kuwa najua kuna wenzangu wa boda, wa saluni, mafundi wa bomba na wauza samaki ambao wanaishi kwa nambari wasizozijua, nawaachia nilichochimbua, msipoteze wateja kama mimi.

Kwanza pimeni kama ni kuzuiwa au kunyamazishwa. Simu ikiwa kwenye hali ya Usinisumbue (Do Not Disturb), haiiti, lakini ukifungua orodha utakuta kwamba fulani alipiga. Ukikuta alipiga, mara nyingi shida ni sauti. Usipokuta chochote, na mwenzako anaapa alipiga, hapo tafuta bloki, au angalia kama simu zako zinaelekezwa kwingine: piga *#21# uone, na ##002# hufuta maelekezo yote. Na ile njia ya kabambe msiidharau. Kubloki kwa kawaida hukaa ndani ya simu na si kwenye laini, kwa hiyo laini ikihamia simu nyingine, aliyezuiwa anapita.

Kwenye Android orodha ya simu yenyewe iko ndani ya programu ya kupigia, kwenye nukta tatu au vistari vitatu kulingana na toleo, kisha mipangilio. Hapo pia huwa na kitufe cha kuzuia wanaoficha nambari, hicho acheni kikiwa kimewashwa, hakuna mfiwa anayeficha nambari. Ila simu nyingine zina kitufe cha pili, cha kuzuia kila asiye kwenye orodha ya majina. Hicho kwa mfanyabiashara ni sumu. Kizimeni leo. Pia tazameni sehemu ya kutambua anayepiga na taka: kwenye programu ya Google, ukiwasha uchujaji, simu inayoshukiwa haikuarifu chochote, ingawa ukiichungulia orodha ya simu utaikuta. Wangapi hapa huchungulia?

Wenye iPhone, waliozuiwa wako kwenye mipangilio ya simu. Tangu 2019 mna pia kile kitufe cha kunyamazisha wasiojulikana. Hicho angalau huwa kinaacha nambari kwenye orodha, afadhali nyinyi.

WhatsApp nayo ina orodha yake peke yake, kwenye faragha, na tangu 2023 ina kunyamazisha wapigaji wasiojulikana. Ukimfungulia mtu kwenye simu, WhatsApp bado imemfungia, na kinyume chake. Ujumbe je? Kwenye programu ya ujumbe ya Google kuna folda ya taka na waliozuiwa, bonyeza picha yako juu. Ya kwangu nilikuta ujumbe wa mama mmoja wa Ahero akiuliza bei ya viti mia tatu na tenti mbili. Mazishi yalishapita. Nimempigia kumwomba radhi na kumpa pole kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

Na kama mna programu yoyote ya kutambua wapigaji, ingieni ndani yake, msiishie kwenye mipangilio ya simu. Tafuteni orodha yake ya waliozuiwa, mfungueni wateja mmoja mmoja, zimeni kuzuia kwenyewe, washeni taarifa. Kutambua jina kubaki, sawa, hilo lina faida. Kukata simu nitaamua mimi.

Wenye maduka ya simu mjini, nyinyi mnaosakinisha vitu mteja akiwa bado anahesabu pesa, muulizeni kwanza. Mtu akiwaambia anafanya biashara, msimwachie vitufe vya mtu anayewakimbia wanaomdai.

Na wale mnaobonyeza "msumbufu" kwa kila anayewakumbusha mchango mlioahidi wenyewe, toeni pesa za watu.

Mweka hazina amenisamehe, ila tenti za mwezi ujao bado anasema ataangalia. Nani hapa anajua jinsi ya kumwondolea ile rangi nyekundu kwenye programu yenyewe, si kwenye simu yangu pekee? Nasikia kuna mahali mwenye nambari anaomba aondolewe. Nielekezeni, nikamfanyie mwenyewe.